Kromosomu ya Ziada Katika Fulu: Urithi Usiofuata Sheria

Wengi wenu mwanijua kwa ubishi wala si kwa uandishi, na makala haya yametokana na ubishi huo huo. Siku moja katika kipindi cha baiolojia tulikuwa tukisoma juu ya urithi. Mwalimu akasema kila mzazi humpa mtoto nusu ya kromosomu zake, na kwamba katika kila jozi kila kromosomu ina nafasi sawa na mwenziwe, kama vile sarafu inaporushwa juu. Mimi nikainua mkono, nikauliza, "Mwalimu, na hakuna kromosomu inayoruka foleni?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinitazama kidogo, akasema, "Nenda ukasome habari za fulu, kisha uje utufundishe wewe."

Nilidhani ananitania. Fulu? Wale samaki wadogo wenye miiba wa pale ufuoni? Kumbe hakuwa akitania hata chembe. Nilisoma majuma kadhaa, na mlezi wa chama chetu aliposikia akanitwika mzigo wa pili: niyaandike niliyoyapata kwa Kiswahili, kwa jarida. Akaongeza kwamba nikiingiza Kiingereza hatayachapisha. Basi kaa kitako, ndugu yangu, tuanze pole pole.

Kila kiumbe kimejengwa kwa seli, na ndani ya seli mna vijiti vidogo mno viitwavyo kromosomu. Hivyo ndivyo vinavyobeba jeni, yaani maagizo ya kuujenga mwili. Mwanadamu ana kromosomu 46, jozi 23. Tilapia wa mto Naili, yule anayefugwa katika vidimbwi, ana 44, yaani jozi 22. Fulu naye ni wa ukoo huo huo wa tilapia, na hesabu yake ya kawaida ni 44 pia. Mama anapotengeneza yai hutia humo kromosomu 22, moja kutoka kila jozi. Baba naye hutia 22 katika mbegu yake. Zikikutana, 44 zimerudi. Hesabu imelingana, hakuna aliyedhulumiwa. Hiyo ndiyo sheria tunayofundishwa, na katika mambo mengi ni kweli.

Sasa tuseme mtafiti anachukua seli za fulu, anaziweka chini ya darubini, anahesabu: 43, 44... 45. Anarudia kuhesabu. Ni 45 kweli. Hiyo ya arubaini na tano haina mwenzake, haifanani sawasawa na yoyote katika zile 44, na samaki mwenyewe anaogelea, anakula na anazaa kama wenzake wasio nayo. Hiyo ndiyo inayoitwa kromosomu B. Zile za kawaida huitwa A. Jina hili halikutokana na samaki. Mwanasayansi Edmund Wilson wa Marekani aliziona kromosomu za ziada katika wadudu mnamo 1907, na mwaka wa 1928 mwenzake Randolph, aliyekuwa akichunguza mahindi, ndiye aliyezipa herufi hiyo ya B. Naam, hata mahindi, haya haya tunayoyala kwenye githeri kila Jumatano, aina nyingine zina kromosomu za ziada.

Hapa lazima nisimame kidogo nizuie kosa, maana mwenzangu wa dawati aliliangukia mara moja. Aliniambia, "Ah, hiyo naijua, ni kama wale watoto wanaozaliwa na kromosomu 47." La, si hivyo. Mtoto mwenye hali ya Down ana nakala ya tatu ya kromosomu namba 21, ambayo sisi sote tunayo mara mbili. Ni kromosomu ya kawaida iliyozidi kipimo, na kuzidi huko hugusa ukuaji wake wote. Kromosomu B si nakala ya tatu ya namba yoyote. Samaki anaweza kuishi nayo, na anaweza kuishi bila hiyo. Ndiyo sababu swali lake ni gumu zaidi: ikiwa mwili hauihitaji, kwa nini haipotei?

Fikiri vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kitu kisicho na mwenzake katika jozi kinategemea bahati. Mama mwenye B moja, akitaga mayai 40, kwa sheria ya sarafu mayai kama 20 yatakuwa nayo na 20 hayatakuwa nayo. Kama B inamlemea samaki hata kidogo tu, basi kizazi baada ya kizazi itapungua hadi iishe. Lakini haijaisha. Kwa hiyo ama ina faida kwa samaki, ama inapita kwa njia isiyo ya haki. Katika fulu, ushahidi unaelekea sana upande wa njia isiyo ya haki.

Njia yenyewe ni hii. Baba anapotengeneza mbegu, seli moja hugawanyika ikawa nne, na zote nne ni mbegu nzima zenye mkia, kila moja na matumaini yake. Mama hafanyi hivyo. Seli yake hugawanyika mara mbili, lakini kila mara mgawanyo ni wa upendeleo: upande mmja huchukua karibu akiba yote ya chakula na kuwa yai, upande wa pili huwa kijiseli kidogo kisicho na kazi, ambacho hufa. Yaani kwa mama kuna mlango mmoja tu wa kwenda kwenye uzima, na mwingine ni wa kwenda jalalani. Kromosomu huvutwa kwenda huku na huku na nyuzi nyembamba zilizomo ndani ya seli. Sasa, kromosomu ikiwa na namna yoyote ya kuzishika nyuzi hizo ili ivutwe upande wa yai mara nyingi kuliko upande wa jalala, itapita kwa zaidi ya nusu ya mayai. Haina haja ya kumsaidia samaki kwa lolote. Inachohitaji ni kuketi upande unaofaa gari linapong'oka.

Ukiwa msomaji makini utaniuliza: na ikimwangukia mtoto wa kiume? Swali zuri. Kwa baba hakuna jalala, mbegu zote ni sawa, kwa hiyo ule ujanja haufanyi kazi. B iliyomo ndani ya dume inarudi kwenye bahati ya sarafu. Kwa B, basi, kuzaliwa ndani ya dume ni hasara.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilifunga kitabu nikasema moyoni, "Ningekuwa mimi ndiyo B, ningehakikisha kila ninayempanda anakuwa jike." Nikacheka peke yangu. Ukurasa uliofuata ulinikatia kicheko, kwa kuwa ndivyo hasa ilivyo.

Nendeni nami hadi Ziwa Malawi, kusini. Huko wako samaki jamaa wa fulu wetu, wa rangi za kupendeza, ambao huuzwa hata Ulaya na Marekani wawekwe kwenye matangi ya kioo. Watafiti walichunguza kromosomu zao, na katika aina kadhaa wakaikuta B. Kila mwenye nayo alikuwa na moja tu, na kila mwenye nayo alikuwa jike. Hakuna dume. Aina mojawapo kitaalamu ni Metriaclima lombardoi, lakini wauzaji wa samaki wa mapambo humwita "kenyi" (usinielewe vibaya, hana uhusiano wowote na Kenya). Dume lake ni la manjano na jike ni la buluu.

Samaki hawa wana tabia moja inayomrahisishia mtafiti kazi. Jike hutaga mayai, kisha huyaokota na kuyatia kinywani, akayalea humo hadi yaanguliwe na vifaranga viweze kuogelea. Fulu wetu wanafanya vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba ukimshika mama mmoja umeshika familia nzima mdomoni mwake, wala huna haja ya kuuliza huyu ni mtoto wa nani. Clark na Kocher, watafiti wa Marekani, walifanya uchunguzi wa familia za namna hiyo wakachapisha mwaka wa 2019. Waliona kwamba mama mwenye B huirithisha kwa zaidi ya nusu ya watoto wake, na kwamba watoto walioipokea huwa majike, hata pale ambapo kromosomu zao za kawaida zingewafanya madume. B imebeba amri ya jinsia, na amri hiyo inazishinda amri za kromosomu A. Kichwa cha makala yao kilizungumzia kubadili jinsia kwa faida ya uchoyo. Sikuweza kukitafsiri vizuri zaidi ya hapo.

Nikitaka kuwaonyesha wenzangu faida ya hila hiyo, nilileta vifuniko vya soda kwenye mkutano wa chama. Hesabu ni ya kubuni, lakini inaeleweka. Tuseme ziwani mna samaki 100 wenye B moja moja, kila mmoja ameoana na asiye nayo, na kila jozi ya wazazi inaacha watoto wawili wanaofikia utu uzima. Kwa sheria ya sarafu, 100 wataacha 100. B haipandi wala haishuki.

Sasa tuseme majike hurithisha B kwa robo tatu ya watoto, madume kwa nusu. Ikiwa wenye B ni majike 50 na madume 50, majike wataacha 75 wenye nayo na madume 50, jumla 125. Lakini wote 100 wakiwa majike, wataacha 150. Unaona? Tofauti ni 25 tu, mtu anaweza kuidharau. Endelea hadi kizazi cha tano: wa kwanza wamefika kama 305, wa pili wamefika kama 759. Vifuniko vilituishia tukaanza kutumia mawe. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliyekuwa amesinzia aliamka akauliza kama tunacheza bao.

Haya, na ziwa letu? Mwaka wa 2011 watafiti wa Japani walitangaza kwamba wamezikuta kromosomu B katika fulu wa Ziwa Viktoria. Si katika samaki mmoja wa ajabu. Zilikuwa za kawaida katika aina nyingi. Miongoni mwao kuna fulu mmoja wa mawe aitwaye Lithochromis rubripinnis, na katika kuwazalisha walipata kwamba B inahusika katika kumfanya samaki awe jike. Kwa hiyo hila hii ipo katika maziwa mawili makubwa ambayo maji yake hayakutani. Mwalimu wangu alikuwa akijua. Ndiyo maana hakucheka.

Lakini tusiharakishe kuifanya kanuni. Kuna jamaa wa fulu anayetoka Ziwa Nawampasa nchini Uganda, karibu na Ziwa Kyoga, kwa jina la kitaalamu Astatotilapia latifasciata. Huyu anaweza kuwa hana B, au akawa nayo moja, au mbili, na hupatikana kwa majike na kwa madume pia. Yeye ndiye aliyetusaidia kujua B imetengenezwa kwa nini. Mwaka wa 2014 watafiti, wengi wao wa Brazil, walitoa matokeo ya kuisoma herufi kwa herufi. Walikuta ni kama blanketi la viraka: maelfu ya vipande vilivyonakiliwa kutoka karibu kila kromosomu ya kawaida na kuunganishwa pamoja. Sehemu kubwa ya jeni zilizomo zimekatikakatika, hazisomeki. Zilizobaki nzima, au karibu nzima, ni chache. Na kazi ya baadhi ya hizo chache ni ipi? Ni kupanga zile nyuzi zinazovuta kromosomu, na kuendesha mgawanyiko wa seli!

Nilisoma mstari huo mara tatu. Ni kama kumkamata mtu stesheni, umpekue mifukoni, umkute na matambara matupu, ila katika mfuko mmoja ana funguo za gari. Funguo peke yake hazithibitishi kwamba ameliiba, na nakiri kuwa na jeni si sawa na kuitumia. Lakini mimi ningemwuliza maswali.

Mwenzangu wa dawati, ambaye hakubali kushindwa, alitoa hoja nzito. Alisema, "Kama ni hivyo, B ingeshaenea kwa wote, fulu wote wangekuwa majike, madume yangeisha, na fulu wenyewe wangeisha. Mbona wapo?" Nilikwenda kwa mwalimu na swali hilo, sina budi kusema ukweli, kwa sababu sikuwa na jibu.

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, majike yakizidi, madume yanakuwa bidhaa adimu. Kila mtoto ana baba mmoja na mama mmoja, kwa hiyo madume machache yanakuwa baba wa watoto wote, na kila dume linapata watoto wengi kuliko kila jike. Hapo kuwa dume kunalipa, na kromosomu yoyote ya kawaida inayoelekeza watoto kwenye udume inapata nafasi ya kuenea. B inajikuta inapanda mlima. Ile hesabu yangu ya vifuniko, kwa hiyo, ni ya wakati ambapo B bado ni wachache; haiwezi kuendelea hivyo milele. Pili, kromosomu A nazo hazilali. Jeni yoyote ndani yao inayoizuia B isipendelewe katika yai inamfaa samaki, nayo itaenea.

Mfano mzuri uko mbali na hapa, Brazil, katika mto Mogi-Guaçu. Huko kuna samaki aitwaye Prochilodus lineatus, ambaye taarifa ya kromosomu zake za ziada ilitolewa mwaka wa 1983. Watafiti waliendelea kumfuatilia katika mto ule ule, wakaona idadi ya B ikipanda katika miaka ya 1980, kisha ikatulia. Mwanzoni B hizo zilikuwa zikipotea potea katika seli za mwili wa samaki mmoja, seli hii inazo, ile haina. Baadaye zikatulia pia katika jambo hilo. Kwa maneno mengine, mvutano kati ya A na B unaweza kuonekana na mtu yule yule katika maisha yake, akiwa na subira ya kurudi mtoni.

Nami nilijaribu bahati yangu. Likizo ya Agosti nilikuwa kwa nyanya, karibu na ziwa, na asubihi moja nilikwenda ufuoni mashua zilipoingia. Nilimwomba mama mmoja mwuza samaki aniuzie fulu wa ndoo nzima, akanishangaa, maana watu wa umri wangu huja kutafuta mbuta. Niliketi chini ya mti nikawatenga, majike huku, madume kule. Dume hutambulika kwa rangi na kwa madoa mviringo yaliyo kwenye pezi la chini, yanayofanana na mayai. Majike yalizidi kwa mbali. Nilifurahi nikataka kupiga mbiu! Nyanya akaniuliza nimeokota pesa?

Shule zilipofunguliwa nilimkimbilia mwalimu na daftari langu. Alisoma, akanitoa upepo kwa maneno machache. "Wavu," alisema, "ulitegwa wapi?" Sikujua. Akaniambia majike na madume hawakai mahali pamoja kila wakati. Madume hushika maeneo yao na kuyalinda, na majike wanaolea hujitenga. Wavu mmoja mahali pamoja haukuambii kitu juu ya ziwa. Pia nilikuwa nimechanganya aina mbalimbali katika ndoo moja kana kwamba ni kabila moja. Na hata majike yangezidi kweli, B haionekani kwa macho. Ili kuiona inabidi kuchukua seli zinazogawanyika, kwa mfano za figo, zitiwe dawa ya kolichisini inayosimamisha mgawanyiko katikati wakati kromosomu zimejikunja vizuri, kisha zitandazwe juu ya kioo, zitiwe rangi na kuhesabiwa kwa darubini kali. Siku hizi wengine hupima DNA kutoka kipande kidogo cha pezi na kumwachilia samaki aende zake.

Jambo lililonikaa rohoni ni lingine, alilolitaja mwalimu akiwa tayari mlangoni. Ziwa Viktoria lilikuwa na aina kama 500 za fulu. Mbuta waliletwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 wakawa wengi mno. Wakawala fulu, maji nayo yakachafuka, na aina nyingi sana hazikuonekana tena. Wale waliochunguzwa mwaka wa 2011 ni miongoni mwa waliosalia. Waliotoweka kabla ya hapo, hakuna aliyewahi kuzihesabu kromosomu zao. Huenda wengine walikuwa na B ya namna nyingine kabisa, na hila ambazo hakuna aliyezifikiria bado. Huwezi kuzisoma katika samaki asiyekuwepo.

Mwalimu ameahidi kutuletea vioo na rangi tuanze na mizizi ya vitunguu, ambayo kromosomu zake ni kubwa na ni 16 tu. Akisema tumejifunza kuhesabu bila kukosea, ndipo tutazungumza habari za samaki. Anayetaka kujiunga nasi aje maabara siku ya Alhamisi baada ya michezo. Na kwa wale wanaouliza, fulu wangu wa likizo hawakuharibika: nyanya aliwakaanga wakakauka, tukawala wote kwa ugali, wenye B na wasio nayo.